Kwa nini saa ya zamani ya tarakimu nyekundu huwa kiza mpaka uibonyeze?

Saa za mkononi za tarakimu nyekundu, zile za miaka ya sabini, bado zimo visiwani. Utazikuta kwenye makabati ya wazee wa Mji Mkongwe, Wete na Chake Chake, ndani ya mikebe pamoja na funguo zisizojulikana milango yake. Uso wake ni kioo chekundu kilichokolea hadi kukaribia weusi: hakuna mshale, hakuna namba. Anayeiokota huitikisa, huitega sikioni, kisha huamua kuwa imekufa. Uamuzi huo umezipeleka saa nzuri jaani, nami nauandikia makala haya kwa sababu inaniuma.

Kiza hicho ni cha makusudi. Saa ya LCD, ile ya namba nyeusi juu ya kijivu, haitoi mwanga wake yenyewe. Hutumia mwanga wa nje, kwa hiyo hula umeme mdogo mno na inaweza kuonyesha wakati usiku na mchana kwa miaka. Tarakimu za saa tunayoizungumzia ni taa za LED hasa, na taa lazima ilishwe. Zikiwaka, saa hula umeme maelfu ya mara kuliko ikiwa kimya. Betri zake mbili, kila moja ukubwa wa kifungo cha shati, zingekwisha ndani ya siku moja kama namba zingeachwa ziwake tu. Ndiyo maana pana kitufe ubavuni: ukibonyeza, wakati unatokea kwa muda mfupi, kisha kiza kinarudi. Ndani, hesabu haisimami. Kipande cha kwatsi, aina ya fuwele, hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saketi, yaani mtandao wa umeme wa ndani, huigawa idadi hiyo kwa mbili mara 15 mfululizo mpaka lipatikane pigo moja la sekunde.

Ya kwanza kuuzwa ilikuwa Pulsar ya kampuni ya Hamilton ya Marekani, mwaka 1972, ya dhahabu, kwa dola 2,100. Saa ya tajiri. Miaka minne baadaye Texas Instruments ilikuwa ikiuza ya plastiki kwa dola 20 hivi, na muda si muda LCD ikazifuta sokoni zote, ya dhahabu na ya plastiki. Maisha yake dukani hayakufika hata miaka kumi.

Sasa, utajuaje kuwa uliyonayo ni ya enzi hizo na si ya juzi? Anza na rangi. Taa ikiwa ya buluu au nyeupe, usijisumbue: LED ya buluu yenye mwanga wa kutosha ilipatikana miaka ya 1990, haiwezi kuwemo ndani ya saa ya 1975. Za zamani karibu zote ni nyekundu. Kisha fungua kifuniko cha nyuma. Saa mpya za kuigiza mara nyingi zina betri moja bapa ya lithiamu ya volti 3, na za zamani kwa kawaida zina vitundu viwili, betri mbili za volti 1.5 zikifuatana. Halafu iweke chini ya lenzi ya fundi na ubonyeze. Utaona kila tarakimu ni vijiti saba vyembamba, au safu za vitone, na kwenye baadhi ya saa kila tarakimu imefunikwa kijilenzi chake cha kuikuza. Ukiwa gizani, ipeperushe mkono huku inawaka: namba zitakatikakatika hewani. Hiyo ni kwa sababu haziwaki zote kwa pamoja. Saketi huwasha moja, huizima, huwasha ya pili, kwa kasi ambayo jicho tulivu halishiki. Kumbuka jambo hilo, tutalihitaji kwenye matengenezo.

Jambo moja dogo kwa sisi tunaohesabu saa moja tangu jua kuchomoza. Ukipenda isome Kiswahili, ipeleke mbele saa sita, yaani saa moja asubuhi isomeke 1:00 ya mchana wa Kizungu (PM). Kwenye saa yenye kalenda, tarehe itabadilika saa kumi na mbili jioni, jua linapotua, na kwa anayehesabu siku kuanzia Magharibi hapo ndipo hasa inapotakiwa ibadilike.

Kuhusu ubovu, adui wa kwanza huku kwetu ni betri iliyosahauliwa ndani, akisaidiwa na hewa ya chumvi na unyevu wa masika. Betri ikivuja huacha unga mweupe, na penye shaba pakageuka kijani. Uchafu huo ni wa asili ya magadi, kwa hiyo tone la siki kwenye ncha ya kijiti cha pamba huuvunja. Futa, kisha pitisha spiriti, acha pakauke kabisa. Usikwangue kwa kisu, maana njia za umeme ni nyembamba na zikikatika hazirudi kwa urahisi.

Kabla ya kununua betri tazama alama. Nyingi hupokea SR44, inayoandikwa pia 357. Madukani utapewa LR44, zile za vidude vya watoto, kwa sababu zinalingana umbo na ni rahisi. Zikatae. Nguvu yake hushuka kadiri inavyotumika na huvuja upesi, wakati SR44 hushikilia nguvu yake karibu mpaka mwisho. Angalia pia alama ya chanya kwenye kila kitundu, kwani mara nyingi betri moja hutazama juu na ya pili chini. Nimeona saa nzima ikitangazwa mbovu kwa sababu ya betri moja tu iliyopinduliwa.

Betri ni sawa na bado kiza? Safisha ncha za kitufe, hapo ndipo jasho huingilia. Kama namba hazizimiki, kitufe kimegandia, na betri zitolewe mara moja. Ikiwaka tarakimu moja peke yake, kali kuliko kawaida, ni dalili kubwa kwamba kwatsi imesimama: saketi imekwama kwenye tarakimu hiyo na haiendi ya pili. Toa betri haraka kabla taa haijaungua. Fundi anayejua kulehemu vitu vidogo anaweza kutoa kwatsi kwenye saa ya ukutani iliyoharibika, kwani ya mzunguko wa 32,768 ndiyo iliyomo kwenye nyingi za aina zote mbili, kisha akarekebisha kasi kwa kile kiskrubu kidogo cha ndani mpaka isiende mbele wala nyuma.

Kijiti kimoja cha tarakimu kikifa, habari ni nyingine. Kila kijiti kimeungwa kwa uzi wa chuma mwembamba kuliko unywele. Ukikatika, wengi wetu hatuna chombo cha kuuunga, na kidole kikigusa pale kinakata na wa jirani. Iache hivyo. Nane isiyo na mguu mmoja bado inasomeka, na ikiwa huivai, itoe betri kabla hujairudisha kabatini.