Je, wajua kwa nini kidari cha kuku wa kizungu huwa na mistari myeupe?

Ukipita soko la Kenya hapa Lubumbashi, kwenye meza za kuku wa frigo, tazama kidari vizuri kabla ya kuuliza bei. Huenda ukaona mistari myeupe inayofuata nyuzi za nyama. Kingine, hata kikiwa kimeyeyuka barafu, ukikibonyeza kwa kidole hakibonyei. Mtu atakwambia ni sindano, au kuku alijifia. Wala.

Kuku huyo alikua mbio mno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walifuga mbegu ya kuku ya mwaka 1957 na ya mwaka 2005 kwa chakula kilekile. Siku ya 56, ile ya zamani ilikuwa na gramu 905. Ya 2005, gramu 4,202! Na kidari, sehemu yenye soko, ndicho kilichonenepa kupita viungo vingine.

Sasa, kifaranga akishaanguliwa, nyuzi za nyama yake haziongezeki idadi. Kila uzi hunenepa tu. Zinaponenepa hivyo, damu haizifikii ya kutosha. Oksijeni inapungua, taka zinarundikana, nyuzi zinaanza kufa. Mwili unaziba pengo: mahali palipojaa mafuta ndipo penye mstari mweupe, na palipojaa kovu nyama inakuwa ngumu kama ubao. Ugonjwa huo wa ubao ulielezwa na wataalamu wa Finland mwaka 2014.

Majogoo hupatwa kuliko mitetea, na kuku mzito kuliko mwepesi. Chakula chenye nguvu nyingi huchochea; ndiyo maana wafugaji wengine hupunguza kidogo chakula cha vifaranga, ingawa wanapoteza uzito, na mfanyabiashara gani hupenda hilo? Kuku wa kienyeji anayeokota uani kwa miezi mingi hana haraka hiyo.

Ugonjwa huu hauambukizi. Nyama yake inalika, ila ina mafuta zaidi, haishiki viungo vizuri, na sufuriani inatoa maji na kusinyaa. Mimi ningeisaga.

Usiichanganye na nyama ya kijani, inayopatikana kwenye msuli wa ndani kabisa, ule wa kuinua bawa. Msuli huo umebanwa kati ya mfupa na utando usiotanuka. Kuku akishtuliwa akapigapiga mabawa sana, unavimba, damu inakatika, unafia humo humo. Kipande hicho kinakatwa na kutupwa.