Nani alipe kuuliza udongo?

Jumanne iliyopita niliitwa kuangalia ploti moja hapa Malindi ambayo zamani ilikuwa sheli, na gereji ubavuni. Pampu ziling'olewa kitambo. Pamebaki sakafu ya zege iliyopasuka na, kando ya ukuta, bomba jembamba la chuma lililosimama wima. Wapita njia hawalijali. Mimi nilipoliona nilijua kuna tangi bado limelala chini, maana hilo ndilo bomba lake la kupumulia.

Kwa idhini ya mwenyewe nilizamisha keekee ya mkono. Kufika kama mita moja na nusu, mchanga uliokuwa mwekundu ukageuka kijivu, na harufu ya petroli ikapanda hadi puani. Mama wa nyumba ya pili alikuwa akinitazama juu ya ukuta. "Mwanangu," akaniuliza, "kisima changu ndicho hiki hapa. Tunywe tusinywe?"

Nikamwambia asinywe wala asipikie hadi maji yapimwe. Lakini nani atalipia vipimo? Mwenye ploti anasema yeye anauza tu. Mnunuzi hajanunua bado, kwa nini agharamie ardhi ya mwenziwe? Benki inasubiri. Kila mmoja ana hoja yake, na ploti inabaki gofu.

Marekani nao walikwama kwenye swali hilohilo. Sheria yao ya mwaka 1980 ilimbebesha mwenye ardhi gharama za kusafisha hata kama aliyechafua ni mwingine, wanunuzi wakavikimbia viwanja vya viwanda vya kale. Mwaka 1995 shirika lao la mazingira, EPA, lilianza kutoa ruzuku, na sheria ya 2002 ikazipa mguu wa kusimamia. Kinachonivutia ni kwamba ipo ruzuku ya kupima peke yake, mbali na ile ya kusafisha. Miaka ya karibuni mji umeweza kuomba hadi dola 500,000 na kukagua viwanja kadhaa. Wala halmashauri haiwezi kuzitumia mahali ambapo yenyewe inawajibika kwa uchafuzi, jambo la haki kabisa.

Kazi ya kupima ina hatua mbili. Ya kwanza haigusi udongo: ni kupekua hati za zamani, ramani na picha za angani, kuizunguka ploti kwa miguu, kuhoji waliofanya kazi pale. Kwetu hatua hii ina utajiri mkubwa, kwa kuwa wazee wanakumbuka. Fundi mmoja mstaafu alinionyesha kwa bakora yake pale walipokuwa wakimwaga oili chafu. Hakuna karatasi ya Ardhi ambayo ingenieleza hilo. Ya pili ndiyo ghali: kuchimba, kuchukua sampuli, kulipa maabara. Ya kwanza isipoonyesha cha kutilia shaka, ya pili haihitajiki.

Na sisi tuna sababu ya kuharakisha. Malindi imekaa juu ya mchanga na mwamba wa matumbawe, wenye matundu kama sifongo. Benzini iliyomo ndani ya petroli huyeyuka majini na kusafiri nayo hadi visimani, nayo husababisha saratani ya damu. Risasi, ile metali ya sumu iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli, haisafiri hivyo. Hung'ang'ania udongo wa juu, wanapochezea watoto. Sheli iliyofungwa kabla Kenya haijaachana na petroli ya risasi, mwanzoni mwa 2006, huenda iliacha zote mbili.

Sheria yetu ya mazingira ya 1999 inataka aliyechafua alipe, na imeunda hata mfuko wa kurejesha mazingira. Ila huamka madhara yakishajulikana. Kule Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliochafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alijua habari ya risasi kupitia damu ya mwanawe. Hukumu ya kuwalipa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 ilitolewa 2020, ikatenguliwa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Mtoto ndiye aliyekuwa kipimo.

Ninachoiomba Kaunti ya Kilifi ni fungu dogo katika bajeti, la hatua ya kwanza tu kwa kuanzia: sheli zilizofungwa, gereji, maghala ya dawa za kilimo. Nitalisema kwenye kikao cha maoni ya bajeti, na nawasihi wenye visima waje.

Chupa tatu za maji ya yule mama ziko kwenye jokofu langu, zimetiwa tindikali kidogo ili bakteria wasiile benzini. Hudumu siku 14. Zimebaki tisa.