Kuhani hana ardhi ya hekalu ya kuuza

Imani iliyozoeleka India ni kwamba kuhani ambaye familia yake imehudumia hekalu vizazi na vizazi ndiye mwenye shamba la hekalu hilo. Sivyo. Kisheria mungu aliyesimikwa hekaluni ni mtu anayeweza kumiliki mali. Baraza la Faragha la London, mahakama ya rufaa ya mwisho ya India enzi za ukoloni, lilimtambua hivyo mwaka 1925. Kuhani ni msimamizi tu. Mwaka 2021, katika shauri la jimbo la Madhya Pradesh, Mahakama ya Juu ya India ilikubali jina la kuhani liondolewe kwenye daftari la ardhi, safu ya mmiliki ibaki na jina la mungu. Na hapo ndipo wanunuzi huponzwa: wanaona jina la kuhani likiwa bado daftarini, wanalipa.

Katika jimbo la Tamil Nadu, sheria ya 1959 inabatilisha uuzaji, rehani, hata ukodishaji wa zaidi ya miaka 5, bila kibali cha Kamishna wa serikali anayesimamia mahekalu. Kibali chenyewe hakitoki kimyakimya: tangazo hutolewa kwanza, pingamizi husikilizwa, na lazima ionekane hekalu linauhitaji uuzaji huo au linanufaika nao.

Msimamizi akiwa ndiye muuzaji, nani ashtaki? Tangu uamuzi wa 1967, muumini anaweza kufungua kesi kwa jina la mungu. Msimamizi mpya naye ana miaka 12 kudai ardhi iliyouzwa na mtangulizi wake, ikihesabiwa tangu huyo afe, ajiuzulu au aondolewe, au tangu yeye ateuliwe, lolote lililochelewa zaidi. Kwa hiyo hati ya zamani, hata yenye mihuri yote, si kinga.