Profesa wa Kampuni: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Kampuni ya mawasiliano ikitangaza kwamba imepata profesa wa kuishauri, kuna watakaosema ni jina la kupamba karatasi, na kuna watakaoamini kuwa sasa kila inachouza kimethibitishwa kisayansi. Kisa cha John Ambrose Fleming, profesa wa uhandisi wa umeme pale University College London, kinawaumbua wote wawili.

Dhana: mshauri ni pambo. Fleming alianza kuishauri kampuni ya Guglielmo Marconi, Mwitaliano wa mambo ya redio, mwaka 1899. Marconi alikuwa fundi hodari wa majaribio, ila kuvusha simu ya upepo, yaani ujumbe wa redio usiopita kwenye waya, hadi ng'ambo ya Atlantiki kulitaka umeme mkubwa, na hiyo ilikuwa kazi ya watu wa jenereta na transfoma. Fleming ndiye aliyesanifu mtambo wa kurushia mawimbi wa Poldhu, Cornwall, Uingereza, wenye jenereta ya kilowati 25. Tarehe 12 Desemba 1901 Marconi, akiwa Newfoundland, upande wa pili wa bahari, na waya wa antena ukining'inia kwenye tiara, alisema amesikia nukta tatu, ambazo ni herufi S katika alama za Morse za kutumia ujumbe.

Sifa nazo? Kampuni ilishamwandikia Fleming mapema, ilipomwongezea mshahara, kwamba wakifika ng'ambo sifa kuu itakuwa ya Marconi daima. Angalau hawakumficha.

Dhana: profesa hana upande, neno lake ni ushahidi tosha. Hapa ndipo penye utamu. Kampuni ilidai kwamba mitambo yake ikishawekwa kwenye masafa yake haiingiliwi na mtu, na Fleming akawa anaitetea hadharani. Juni 1903 alikuwa akitoa mhadhara Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, huku Marconi akisubiri Poldhu atume ujumbe. Kabla ya ujumbe huo kufika, msaidizi wa Fleming akasikia mashine ikigonga. Akaanza kusoma alama za Morse: "panya", kisha "panya" tena, halafu shairi la kejeli juu ya kijana wa Italia, yaani Marconi, anayewalaghai watu. Fleming, ambaye masikio yake hayakuwa mazuri, aliendelea na mhadhara kama kawaida.

Mhuni huyo alikuwa Nevil Maskelyne, mfanya mazingaombwe aliyejua vizuri mambo ya redio. Fleming alikwenda kulalamika kwenye gazeti la The Times, akiomba wasomaji wamsaidie kumfichua mtu huyo. Hakukuwa na haja: Maskelyne alijitaja mwenyewe kwenye gazeti hilohilo. Kumbe profesa alikuwa akitetea mali ya mwajiri wake, na kilichopima dai lile ni ule mchezo wa panya. Mwaka huo ulipoisha, mkataba wa Fleming haukuendelea.

Dhana: akigundua kitu, ni chake. Mwaka 1904, akiwa nje ya kampuni, Fleming alikumbuka balbu za ajabu alizozichunguza miaka ya 1880, zenye kibati cha chuma kando ya uzi unaowaka. Umeme ndani yake hupita upande mmoja tu. Kwa mtu asiyesikia vizuri hilo lilikuwa jambo kubwa: mawimbi ya redio yakipitishwa humo yangeweza kusukuma mshale wa mita, ukayaona badala ya kutega sikio. Akazitoa balbu kabatini, akajaribu, zikafanya kazi. Hiyo ndiyo vali ya kwanza, yaani balbu ya kuongoza umeme, na elektroniki yote ya karne ya 20 ilianzia hapo.

Akamwandikia Marconi, akimwambia kwamba hajamtajia mtu mwingine. Mwaka 1905 ushauri wake ukarudishwa, na hataza ya vali ikawa mali ya kampuni.

Wapo pia wanaodhani profesa akiingia kampuni, darasa limekufa. Fleming aliendelea kufundisha chuoni palepale mpaka 1926.