Mfanyikazi akirudi kutoka matangani, bosi afanyeje?

Mimi ni mshauri nasaha hapa Malindi, wafanyikazi wa vyuo ndio watu ninaokaa nao kila siku, na leo nataka kuongea na wakubwa wetu, manaibu chansela, wakuu wa vitivo na wa idara, kuhusu kitu kimoja tu, siku ile mtu anarudi ofisini baada ya kuzika.

Katika chuo kimoja nilichofanya kazi zamani kulikuwa na mama, karani wa mitihani, akafiwa na kakake. Jumatatu alifika kabla ya watu wote, akapangusa meza akawasha kompyuta, mkuu wake akapita mlangoni akauliza, maksi za mwaka wa pili ziko wapi? Basi. Hakuna pole, hakuna makiwa. Yule mama akapiga kazi mpaka saa kumi ndo akaja kwangu, akaketi kimya muda mrefu, ameshika tu ufunguo wa ofisi kwa mikono miwili. Na yule mkuu hakuwa mtu mbaya jamani, nilimuuliza baadaye akaniambia aliogopa akisema pole mama atalia.

Alie! Kulia ofisini si kosa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatoa siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka, mama anayejifungua miezi 3, baba wiki 2, lakini msiba haikuutengea siku zake. Kwa hivyo yote yanabaki kwa roho ya bosi, ukipata mwenye huruma unapona, usipompata unakatwa siku zako za likizo. Ndo maana nasema chuo kiandike sera yake, siku ngapi za msiba, nani atashika kazi, na mjane aliye kwa eda, miezi 4 na siku 10, atafanyia kazi nyumbani vipi bila kuomba omba kila wiki.

Halafu nenda mwenyewe matangani. Mchango wa grupu ya WhatsApp ni mzuri lakini haukai mkekani. Kabla hajarudi mgawie mwenzake zile kazi za haraka, asikute rundo, wiki ya kwanza atoke saa sita. Na hapa ndo wengi tunapokosea, tunamuuliza hali siku tatu za kwanza wakati nyumba imejaa watu, hitma ikisomwa watu wakatawanyika hakuna anayemuuliza tena, na huo ndo wakati analala macho wazi. Muulize baada ya mwezi, muulize tena baada ya miezi mitatu.

Sisi wa huku tunajua, 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa Shakahola, ule msitu wa wafuasi wa mhubiri waliofunga kula hadi kufa, na aliyefiwa namna ile bado kuna asubuhi anatakiwa aende kazini.

Shirika la Afya Duniani nalo 2019 lilieleza uchovu mkubwa wa kazi kuwa ni jambo linalotokana na kazi yenyewe, msongo wa muda mrefu usiosimamiwa vizuri, halikuuita ugonjwa. Kwa hivyo kabla hujasema fulani amekuwa mvivu siku hizi, angalia kwanza mzigo uliompa na aliyoyazika mwaka huu.

Kama uko na mtu msibani sasa hivi, mpigie leo baada ya magharibi. Maksi usiziulize.