Mtoto anayezama hapigi kelele

"Mwalimu, usijali, akizidiwa nitamsikia." Nafundisha kuogelea na uokoaji hapa Diani, ufuoni Kwale, Pwani ya Kenya, na kila likizo ya Desemba wazazi wananiambia hivyo, macho kwenye simu, mtoto wa miaka mitatu yumo bwawani.

Hutamsikia. Anayezama anapigania pumzi. Mdomo unaibuka kidogo tu, na muda huo hautoshi kuvuta hewa, sembuse kuita. Hapungi mkono pia, kwa sababu mwili wenyewe unaitandaza mikono pembeni kuyakandamiza maji. Tumezoea kusema mfa maji haachi kutapatapa, basi wazazi wanangoja huko kutapatapa. Mtoto mdogo mara nyingi hatapatapi. Kichwa kinalala nyuma, macho yanakodoka, na ukiwa kwenye kiti chako utadhani anacheza. Chini ya dakika moja anaweza kuwa ameshatulia chini. Wala usiniambie maji ni ya magotini: kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kuliko nguvu zake, akianguka kifudifudi kujiinua ni shida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao hawakuwa wamefikisha miaka mitano.

"Lakini tuko wengi." Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Mkiwa wengi kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Ninachowaomba ni mtu mzima mmoja, atajwe kwa jina, dakika 15, bila simu wala bia, awe majini karibu kiasi cha kumshika mtoto kwa mkono. Zamu ikiisha amkabidhi mwenzake kwa sauti, na mwenzake aitikie. Mwokoaji wa hoteli ana bwawa zima la kuangalia. Na tafadhali, msimwachie kazi hii dada wa nyumbani ambaye mwenyewe hajui kuogelea. Mnahatarisha watu wawili.

Maboya ya mikononi? Yale ni ya kuchezea. Yanavuja, yanachomoka, na yanamfanya mtoto aamini anaelea. Nunua jaketi la kuokolea linalomkaa sawa, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Na nguo ya kuogelea iwe ya rangi ya chungwa au nyekundu. Ya samawati inapotea kabisa kwenye maji ya bwawa. Hili nalirudia kila mwaka na kila mwaka madukani watu wanachagua samawati.

"Bahari ya hapa ina mwamba, haina mawimbi." Mwamba unavunja mawimbi, kweli. Lakini maji yakianza kupwa yanatokea kwenye milango ya mwamba, na hapo mkondo unavuta. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita tatu na zaidi. Fungu la mchanga mlilolifuata kwa miguu linaweza kuzungukwa na maji mkiwa bado mnaokota kaa. Waulizeni wavuvi saa za maji kabla ya kutoka.

"Ashikwe miguu juu atapike maji." Hapana! Mnapoteza dakika anazohitaji hewa. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano, kisha endelea kukandamiza kifua na kumpulizia huku mwingine akiita msaada. Akizinduka, hospitali vilevile.

Kuoga baada ya kula hakuui mtoto. Ngozi nyeusi nayo huungua: saa nne hadi saa tisa awe kivulini, na anywe maji mara kwa mara.

Mwisho, malaria. Kiyoyozi si chandarua, na mtoto aliyekulia Nairobi hana kinga ya mtoto wa Kwale. Akipata homa hata wiki tatu baada ya kurudi, mpelekeni akapimwe siku hiyohiyo, na daktari aambiwe mlikuwa Pwani.