Dhana Potofu Kuhusu Serikali Kusikiliza Simu

"Simu ikiwa na mwangwi, inasikilizwa." Hii utaikuta mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kwa wafanyabiashara wa dagaa wenye wateja Uvira na Kalemie: sauti ikijirudia tu, mtu anakata. Mwangwi huletwa na mtandao hafifu, au sauti ya spika kurudi kwenye maiki. Mawasiliano yakinaswa kwenye mitambo ya kampuni ya simu, husikii kitu.

"Piga *#21# utajua." Hapana. Namba hiyo huonyesha kama simu zako zimeelekezwa kwenye namba nyingine, basi.

"Polisi akishataja ugaidi, anasikiliza simu ya yeyote." Hii ndiyo inayoniuma, maana asiyejua kwamba kizuizi kipo hawezi kudai kiheshimiwe. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002 kinamtaka ofisa wa polisi apate kwanza kibali cha maandishi cha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha aombe amri ya mahakama. Mahakama ikiridhika, inaweza kuiagiza kampuni ya simu inase na kuhifadhi mawasiliano yaliyotajwa, au kumruhusu ofisa aingie mahali afunge kifaa. Juu ya hayo ipo Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda mawasiliano binafsi. Na sheria ya Usalama wa Taifa ya 1996 inakataza kumfuatilia mtu kwa sababu tu anapinga jambo kwa njia halali.

"Basi tuko salama kabisa." Nalo si kweli. Maombi hayo husikilizwa upande mmoja, wewe huitwi. Hilo silipingi, mshukiwa akiarifiwa mapema uchunguzi umekufa. Ila kifungu hakimlazimishi mtu kuja kukuambia hata ikishaonekana huna hatia, na aliyeonewa atalalamikiaje asichokijua? Hilo pengo Bunge lilizibe.

"Alama ya kidole ndiyo inayowawezesha kutusikiliza." Usajili huo wa laini, ulioanza 2019, unaunganisha namba na jina, hausikilizi mazungumzo. Lakini mtu akikuomba umsajilie laini kwa kidole chako, hata awe mteja wako wa miaka, kataa: namba ikiingia kwenye uchunguzi, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Piga *106# uhakiki laini zilizo chini ya kitambulisho chako cha NIDA, na usiyoitambua iripoti kwa kampuni husika ifungwe.